Gololi ya Arobaini

Sikieni, wanangu, maana leo sisemi mara mbili. Antipasi, weka simu chini. Simeoni, sogeza hilo gunia karibu na kitanda nilione. Na wewe Scholastika, toa nguo zangu kwenye mfuko wa hospitali, zinanuka dawa, lakini masikio yako yabaki hapa.

Nina hasira. Daktari wa Kiomboi alinikataza kukasirika, nikamwambia yeye hana watoto kama wangu. Nilianguka pale uani nikiwa nimefungua usukani na shokapu za mbele za pikipiki langu, hili BSA la Mwingereza, nibadilishe sili zilizokuwa zinavuja oili, na kila chombo nilikuwa nimekipanga juu ya gunia la alizeti kwa utaratibu wake. Siku tisa tu nimelala kule. Mnanirudisha hapa Kinampanda, naliulizia pikipiki, naonyeshwa fremu imeinamia tofali kama ng'ombe aliyepiga magoti. Antipasi kabeba mguu wa kushoto wa shokapu, Simeoni kaficha wa kulia ghalani, na wewe Scholastika, niliyedhani una akili, ukaondoka na springi zote mbili mpaka kwako Ihanja. Ati kuna mtu wa Arusha anatafuta pikipiki za Waingereza, na kila mmoja aliogopa mwenzake asiliuze peke yake. Watu husubiri matanga yaanuliwe ndipo wagawane vya marehemu. Ninyi mmenigawana nikiwa bado na joto.

Antipasi, wewe nusura uzaliwe juu ya tangi la pikipiki hilo. Ilikuwa masika, mama yenu Lea, Mungu amrehemu, alinishika kiuno na kunitukana kila shimo mpaka Kiomboi, na zile shokapu ndizo zilizomfikisha. Leo mtoto wake anaziona vyuma chakavu.

Basi zifungeni, mbele yangu, wote watatu. Antipasi, rudisha mfukoni spana yako ya kumi na nne. Wewe ni fundi wa bodaboda, sikatai, lakini nati za Mwingereza hazijui namba zako za milimita, na moja umeshaila kichwa. Chukua zangu kwenye kile kitambaa. Tia springi, tia sili, ipake oili kwa kidole kwanza isichanike. Na siku ya kuvisha miguu, msikaze hata nati moja kabla hamjapitisha ekseli ya gurudumu, mkaikandamiza mbele yote juu chini, juu chini, mpaka miguu ikae sawa. Ukikaza mmoja kwa haraka, mwingine unabaki umepinda, na barabarani linakutupa. Ndivyo mlivyo ninyi. Kila mmoja amekaza wake.

Sasa gololi za usukani. Ishirini kikombe cha juu, ishirini cha chini, zishikwe na grisi. Hesabu. Thelathini na tisa. Najua ni thelathini na tisa, nilizihesabu jana mliponirudisha, na mwizi nikamtaja mbele ya mkewe. Simeoni, ni wewe uliyebaki na gunia hili, na tangu utotoni gololi zangu ulikuwa unachezea. Usiniangalie hivyo. Nilisema shamba la bondeni sikupi, atalima dada yako, na maneno yangu sirudishi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nini hicho kimedondoka? Scholastika. Kimetoka wapi? Lete.

Kwenye shati. Shati nililoangukia nalo.

Ngojeni nipumue.

Gololi hii imechubuka hapa, ona. Mimi mwenyewe niliitia mfukoni, nikatafute mwenzake dukani. Nikaanguka, nikasahau. Halafu nikarudi kumwita mwanangu mwizi, mkewe akisikia. Antipasi, usicheke. Hasira niliyokuwa nayo juu yenu bado ninayo, ila kubwa kuliko zote sasa ni juu yangu, mzee mzima, Laurenti mwenye kujua kila kitu.

Simeoni, njoo. Nilisema sirudishi. Narudisha. Nitayazoa maji hayo hata kwa matope yake. Shamba la bondeni ni lako, hawa wawili ni mashahidi, na jioni umwite mkeo nimwambie mwenyewe. Nisipofika jioni, mwambieni ninyi, kwa sauti, majirani wasikie. Nisamehe, mwanangu.

Pikipiki ni la wote watatu. Mtu wa Arusha akija, mkubali wote au aende zake. Asiye na mkono katika kulifunga leo asiwe na mdomo katika kuliuza.

Antipasi, nipe maji. Kidogo tu.

Mungu aliyemfikisha mama yenu salama awafikishe. Msigawanyike... Mikono yenu isipungukiwe. Nimewabariki, hata wewe na springi zako.

Itieni hiyo iliyochubuka, inatosha kwa leo. Simeoni ndiye aitie. Sasa hesabuni tena, taratibu, macho yangu hayaoni vizuri, nataka kusikia. Ishirini juu... endeleeni... thelathini na nane... tisa...

Sijaisikia ya mwisho, Simeoni. Rudia, baba.