Picha ya Juu Imekatwa Shingo

KAMALDINE: Haloo? Nani pale? Sema kwa nguvu, groupe ya umeme inawaka hapa!

DJAMILA: Ni mimi.

KAMALDINE: Mimi nani?

DJAMILA: Ah! Umesha sahau sauti yangu? Basi nakata.

KAMALDINE: Djamila! Usikate, usikate! Ngoja nitoke inje ya duka... [pikipiki inapita] Namba ya nani hii?

DJAMILA: Ya shangazi Amisa. Salaam aleikum kwanza, bwana.

KAMALDINE: Aleikum salaam. Huko Kasongo munaamukaje? Baba iko muzuri? Mama?

DJAMILA: Wote wazima. Na huko Salamabila?

KAMALDINE: Wazima. Mimi tu njo niko muzima nusu. Djamila, baba mukubwa Ibrahim alileta kitenge cha posa kwenu, akarudi, na mpaka leo kimya. Wazee wako wanasema nini?

DJAMILA: Wazee watajibu wazee wenzao. Ijumaa.

KAMALDINE: Lakini wewe unajua.

DJAMILA: Baba alinikataza. "Mutoto mwanamuke hajibu posa yake mwenyewe. Nisisikie neno limetoka mu kinywa chako!" Nikasema ndiyo, baba.

KAMALDINE: Basi kohoa tu! Mara moja ndiyo, mara mbili—

DJAMILA: Nilikwisha kuahidi. Nimekupigia juu ya site.

KAMALDINE: Site!

DJAMILA: Site ya internet, ya atelier ya shangazi ya kushona. Si wewe njo uliitengeneza? Nimebadilisha ile picha ya juu. Angalia kama imekaa vizuri.

KAMALDINE: Mimi chakula hakipiti mu koo, wewe unaniletea picha ya juu?

DJAMILA: Fungua, Kamaldine.

KAMALDINE: Sawa, patron... Rezo ya simu leo ni ya kulia... Haya. Naona mashini ya kushona.

DJAMILA: Hiyo ni ya zamani.

KAMALDINE: Basi haukubadilisha. Uliingia mu thème ya site, pale juu penye "En-tête"? Ukachagua picha, ukafinya—

DJAMILA: Nilifinya! Nilifinya na vidole viwili! Simu yako njo imeshikilia ya zamani. Si wewe ulinifundisha? Futa kumbukumbu yake, ingia upya.

KAMALDINE: Eh, mwalimu! Nafuta. Lakini nakwambia, kile kitenge kikirudi kimekunjwa vile kilikwenda, mimi nahama. Kwetu kitenge kikirudi kizima, posa imekufa. Wakikikata, hapo mutu anapata muke. Nitahama, Djamila, nitaenda hata—

DJAMILA: Umeingia?

KAMALDINE: Inashuka pole pole... naona kijani...

DJAMILA: [anacheka] Endelea.

KAMALDINE: Aa! Hapana! Imeharibika!

DJAMILA: Nini imeharibika?

KAMALDINE: Picha! Mutu amekatwa shingo! Naona mabega mpaka kiuno, kichwa hakuna! Si nilikwambia pale juu ni papana na pafupi? Picha ya kusimama inakatwa. Isukume chini kidogo, uso utatokea—

DJAMILA: Uso sikutaka utokee.

KAMALDINE: Site gani inaonyesha mutu bila kichwa? Wateja watakimbia!

DJAMILA: Wacha kichwa!

KAMALDINE: Na jina la atelier umeliandika na nyeupe, halisomeki—

DJAMILA: Yarabi, huyu mutu! Kamaldine. Unaona nini?

KAMALDINE: Gauni.

DJAMILA: Gauni ya namna gani?

KAMALDINE: Gauni tu. Imeshonwa vizuri, mikono mifupi, kitambaa kijani na ndege wa njano wenye mikia...

DJAMILA: Haloo?

KAMALDINE: ...mikia mirefu.

DJAMILA: Haloo! Rezo imekata?

KAMALDINE: Djamila. Hawa ndege niliwachagua mimi. Nilimupekulisha Mama Rosine wa vitenge duka nzima. Hiki ni kitenge changu.

DJAMILA: Mimi sijasema kitu.

KAMALDINE: Mumekikata!

DJAMILA: Sijasema neno. Nimebadilisha picha ya juu tu.

KAMALDINE: Na huyu asiye na kichwa ni—

DJAMILA: Simujui! Hana uso! [anacheka mpaka anakosa pumzi]

KAMALDINE: Wuuu! Gédéon! Pitchou! Zimeni groupe! Wamekikata! Wamekishona! [kelele, mutu anagonga debe]

DJAMILA: Nyamaza, we! Ijumaa wazee wakileta jibu, ujifanye haujui. Ushituke!

KAMALDINE: Nitashituka! Nitaanguka chini wanimwagie maji! Na baba yako akiona site?

DJAMILA: Baba anajua radio yake tu. Nitaiacha mpaka magaribi, kisha naitoa.

KAMALDINE: Usiitoe! Djamila, nakuomba, usii—

DJAMILA: Ngoja, shangazi anaita... Abee?... Kamaldine, kuna mutu wa Nyangwe ameandika mu site sasa hivi. Anataka ile gauni ya juu.

KAMALDINE: Haiuzwi!

DJAMILA: Shangazi anasema muteja ni muteja. Na unite zake za kupigia tunazimaliza, anataka simu yake—

KAMALDINE: Amushonee ingine! Ile hapana! Mwambie ile iko na mwenyewe! Haloo? Djamila? Mwambie iko na mwenyewe! Haloo?