Mervyn Tolhurst na Ubishi wa Injini ya Monaro

Marehemu Mervyn Keith Tolhurst alizaliwa Lithgow, New South Wales, tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa pili wa Wilfred, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Edna. Alisoma hapo hapo mjini hadi alipofikisha miaka kumi na mitano, akaacha shule, kama alivyopenda kusema, "kabla walimu hawajaniacha wao."

Mwaka 1956 alianza kujifunza ufundi katika gereji moja ya Bathurst. Huko alikutana na Kelvin Strahan, wakawa chanda na pete. Oktoba 1969 walipokezana usukani wa Holden Monaro ya kijani katika mbio za mlimani, zile za magari ya kawaida yanayouzwa dukani. Breki ziliwaishia, wakafika karibu wa mwisho, lakini walifika.

Alifunga ndoa na mama yetu, Noeline, tarehe 21 Novemba 1970. Mbele ya mchungaji kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa grisi. Mama alimnong'oneza, "Merv, pete ikiteleza ikapotea, mimi sitainama kuitafuta." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1991 Baba aliikuta Monaro ile ile ikioza katika banda la kondoo karibu na Cowra. Aliifufua kwa miaka minne. Chama cha magari ya zamani kilitaka kuhakikisha kwamba injini yake ndiyo ile ya mbio, maana injini hizo kubwa zililetwa kwa meli, na hadi leo watu hubishana zilitoka nchi gani. Ya Baba ilikuwa na alama ya Kanada. Kelvin akaitwa kutoa ushahidi mbele ya wanachama wote.

"Yetu ilikuwa ya Marekani, Merv. Hii siyo."

"Kev, unaniita mwongo mbele ya mke wangu?"

"Nakuita mbishi tu, bwana. Hebu kaa chini."

Baba hakukaa. Gari lilikataliwa, naye hakusema tena na Kelvin, ingawa kati ya nyumba zao palikuwa na mtaa mmoja tu. Mama alipofariki mwaka 2011, Kelvin alileta maua. Baba aliyaacha barazani mpaka yakakauka.

Septemba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, wakasema imetokana na vumbi la breki alilovuta gerejini ujanani. Mwezi Mei, pumzi ikiwa imeshakuwa ya shida, alimwambia dada yangu Glenys, "Niitie yule mjinga." Kelvin alifika siku hiyo hiyo na mkongojo wake.

"Kev, sema kweli. Mwaka ule wa mbio, alama ya injini uliiona kwa macho yako?"

"Sikuiona. Nilisikia kwa mafundi wengine."

"Hata mimi sikuiangalia," Baba alisema. Akageukia ukutani, akalia. Kelvin alibaki amemshika mkono, na magari hawakuyazungumzia tena.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, asubuhi ya baridi kali.

Ameacha binti yake Glenys, mimi mwanawe Rodney, wajukuu watatu, na Kelvin Strahan, ambaye tumemwomba aketi leo mbele pamoja na familia, mahali alipopaswa kuketi tulipomzika Mama.

Mungu ampe mzee wetu pumziko lisilo na ubishi.