Malalamiko Mia Nne na Kumi na Mawili Dhidi ya Bi Kazija

Bi Kazija Jecha, mtunza ghala na fundi wa parachuti wa Kituo cha Kuruka Ole, anastaafu leo, Jumamosi tarehe 27 Disemba 2025, baada ya kututumikia miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo amekunja parachuti zaidi ya elfu tisa kwa mikono yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuruka mpaka wiki iliyopita. Habari ya wiki iliyopita nitaifikia, msiwe na pupa. Mwenyewe hawapendi watu wa pupa.

Bwana Zahran, mkurugenzi wetu, aliniagiza mimi Abdulnasir Khatib, mwalimu wa kuruka, niandike sifa zake. Nikaenda ofisini kutafuta barua za pongezi. Hamna, hata kikaratasi. Nilichokikuta ni daftari la malalamiko ya wateja na wafanyakazi, limevimba kwa unyevu, siku hiyo lilikuwa na malalamiko mia nne na kumi na mawili, na yanayomhusu Bi Kazija ni mia nne na kumi na mawili. Nililisoma siku tatu. Ni mzito, wanasema. Ni mkaidi. Hana adabu mbele ya mizani. Mgeni mmoja kaandika kurasa mbili, na chini yake kamchora Bi Kazija ana pembe. Nilipolifunga ndipo nilipotanabahi jambo dogo tu: yote hayo yaliandikwa na watu walio hai, baada ya kutua.

Kwao ni Mgogoni, na alikuwa fundi cherehani wa foronya na kanzu. Mwaka 2003 Bwana Zahran alimpelekea mkanda uliokatika akamwambia aupige uzi haraka haraka. Bi Kazija akauliza mkanda wa nini. Alipoambiwa kwamba ule ndio unaomshika mtu angani, alivua miwani akasema ushonaji aliouona pale yeye hauweki hata kwenye kikapu cha sokoni. Akaufumua wote. Bwana Zahran alikwenda kuchukua mkanda, akarudi na mfanyakazi. Baadaye akampeleka Afrika Kusini miezi mitatu kusomea ufundi wa parachuti, naye akarejea na cheti, koleo la kubania lakiri, na sweta ambalo mpaka leo halijapata kazi hapa Pemba.

Wanaomjua kwa karibu wanajua ugumu wake umetoka wapi. Kaka yake, Mzee Nyange, alikuwa mchumaji karafuu hodari. Asubuhi moja aliiona kamba yake ya kufungia tawi imeanza kuchakaa. Akaitazama, akasema inatosha kwa leo, akapanda. Ilitosha mpaka saa nne. Miezi miwili alilala hospitali bila kutamka neno, na siku alipofungua kinywa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba uji unanuka moshi. Dada mtu alilia kwa furaha mpaka wauguzi wakamtoa nje. Mzee Nyange yuko mpaka leo, anatembea kwa mkongojo, na hapumziki: chai haina sukari, mto mgumu, redio inakoroma. Bi Kazija humjibu alhamdulillahi. Lakini maneno hayo, inatosha kwa leo, ukiyatamka ghalani kwake, wewe unatoka nje na parachuti inabaki ndani.

Kwa wasiojua kazi yetu, mrukaji hubeba parachuti mbili mgongoni. Moja ndiyo kuu. Nyingine ni ya akiba, ya kumwokoa iwapo kuu itamsaliti. Wahenga wamesema akiba haiozi, na Bi Kazija hakubaliani na wahenga, kwani wao hawakuwa na ghala Ole wakati wa masika. Kila miezi sita aliifungua kila akiba, akaianika kivulini, akaipitia kamba kwa kamba, akaikunja upya kutwa nzima, akaifunga kwa uzi mwekundu na lakiri ya madini ya risasi, akatia jina lake kwenye kadi. Halafu inakaa miezi sita haijaguswa na mtu, inarudi, anaanza tena. Mimi niliwahi kuwaambia wenzangu kwamba hii ndiyo kazi pekee Pemba nzima ambayo mtu anaitwa hodari kwa kukunja upya shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Walicheka sana. Siku hizo nilikuwa mwerevu.

Kisha kuna habari ya Jamvi. Jamvi ni parachuti yetu kubwa kuliko zote za mtu mmoja, ya manjano, inakwenda polepole kama inatafuta njia. Kila mgeni anataka parachuti ndogo, ile ya kasi aliyoiona kwenye simu, na kila mgeni alipandishwa kwanza kwenye mizani ya magunia ya karafuu, akiwa na viatu na mzigo wake wote, namba ikasomwa kwa sauti. Bwana Qais, wakili kutoka Unguja, alikuja na parachuti yake mwenyewe, mpya, ndogo, aliyoiagiza mtandaoni. Akasema ana kilo themanini. Mizani ikasema mia na tatu. Wakili akatoa hoja za kisheria kwa dakika ishirini, Bi Kazija akimsikiliza kwa heshima zote huku akiipapasa ile parachuti mpya. Mwisho akamwambia: "Kifaa kizuri sana, bwana wakili. Mlete mwenyewe, huyo wa kilo themanini, nimvishe."

Bwana Qais aliruka na Jamvi. Alitua kwa makalio katikati ya mihogo ya watu, hana hata mchubuko, akaja moja kwa moja kuandika lalamiko namba 203, kwamba amedhalilishwa kwa kifaa cha kupimia karafuu. Kila mwaka anarudi. Kila mwaka anapimwa.

Na jambo lililotuudhi waalimu kuliko yote lilikuwa somo la asubuhi. Bi Kazija alikuwa ametundika mikanda kwenye boriti ya ghala, na kila siku, kabla ya ndege kuwashwa, lazima kila mmoja wetu aning'inie pale kama ndizi, huku yeye akigonga nguzo kwa rula na kuimbisha hatua za siku ambayo parachuti kuu imeharibika. Kishikio chekundu huitupa parachuti kuu. Kishikio cha fedha hufungua akiba. "Tazama! Shika chekundu! Shika cha fedha! Vuta chekundu! Vuta cha fedha!" Nasi tuitikie kwa sauti, videvu vina ndevu, kama watoto wa chuoni wanaosomeshwa juzuu. Ukikosea unarudia. Ukinung'unika unarudia mara mbili.

Ndipo mimi, mwalimu mwenye miruko mia nane na kichwa kikubwa kuliko Jamvi, nikaandika lalamiko namba 117. Nalinakili hapa lilivyo, ili nisije nikasingiziwa: "Nimecheleweshwa saa nzima na mtunza ghala. Anakagua mno. Ningekuwa nimesharuka mara mbili."

Wiki tatu baadaye ilikuwa mchana wa wageni wengi. Parachuti kuu kila mwalimu huikunja mwenyewe, na mimi nilikuwa na haraka. Niliona kamba hazijanyooka vizuri. Nikachungulia mlangoni kwanza, nikahakikisha Bi Kazija hayupo, nikasema kwa sauti ya chini: inatosha kwa leo.

Kwa futi elfu nne nikafungua. Kamba moja ilikuwa imepita juu ya kitambaa, ikakibana katikati mapande mawili, nami nikaanza kuzungushwa kama jiwe la teo. Ardhi, mbingu, ardhi, mbingu. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbuka mama yangu, au kwamba niliwaza jambo la maana. Wapi! Nilichosikia ni rula ikigonga nguzo. Nikaimba kwa sauti yangu yote, peke yangu, angani juu ya Ole: tazama, shika chekundu, shika cha fedha, vuta chekundu, vuta cha fedha. Ile kuu ikaniacha ikaenda zake. Akiba ikatoka nyeupe, safi, imenyooka kila kamba. Lile shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Nilitua kwenye uwanja wa Bi Maisa, jirani yetu, juu ya karafuu alizokuwa ameanika. Zilitawanyika mpaka barabarani. Bi Maisa alinipokea kwa ufagio wa makuti: "Wee mwana, dunia yote hii hukuona pa kuangukia ila karafuu zangu?" Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Kisha nikamwona Bi Kazija anakuja kwa baiskeli, baibui limefungwa kiunoni, anapiga kengele ijapokuwa njiani hapakuwa na mtu. Akateremka. Akanitazama toka utosini mpaka miguuni, akanigeuza, akanitazama na mgongoni. Nilidhani atanikumbatia.

"Vishikio viko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimevitupa hukohuko juu, ilhali hutakiwa kurudishwa ghalani. Basi akafyonya, akaniambia niokote karafuu za watu. Tukaokota mimi na yeye na Bi Maisa, chembe moja moja, mpaka adhana ya alasiri. Karafuu zilikuwa zinamponyoka Bi Kazija mikononi, na mimi nikajifanya sioni.

Kesho yake nilikwenda ofisini kuchana ule ukurasa wenye namba 117. Alikuwa nyuma yangu, sijui kaingia saa ngapi. Akanishika mkono. "Liache, mwanangu," akasema. "Hilo kaliandika mtu hai." Tangu hapo kila nikimaliza kuruka nilikaa ghalani kwake nikajifunza kukunja. Alinifumulia kazi mwaka wa kwanza wote bila kunieleza kosa liko wapi. Nilitakiwa nilione mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita nami nikapelekwa Afrika Kusini, nikarejea na cheti na sweta.

Mwezi uliopita Bwana Zahran alimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Sisi tulishaafikiana kwamba itakuwa saa ya ukutani. Bi Kazija akasema anataka kupanda juu aitazame Mgogoni. Miaka yote tulipomuuliza kwa nini haruki, jibu lake lilikuwa moja, kwamba mtu hajikagui mwenyewe, na mwengine wa kumkunjia hayupo. Safari hii akaninyooshea kidevu. "Huyu atanikunjia."

Wenzangu wakanipongeza. Mimi kuanzia Jumatano ya wiki ile nilishinda ghalani nikikagua kamba. Angeruka akiwa amefungwa kifuani kwa Thuraiya, mwalimu wetu wa kike, kwani kufungwa na mwanamume alikataa katakata, na juu yao hapangekuwa na kitu ila nilichokunja mimi. Mtu aliyenirudisha duniani, na Thuraiya, mama wa watoto wawili, wote juu ya mikono hii.

Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi alikuwa tayari, mtandio umebanwa vizuri chini ya helmeti, amekaa kwenye kiti cha wageni, kapimwa kwenye mizani ya karafuu na namba ikasomwa kwa sauti. Mimi nikaikunja parachuti. Nikaifumua. Nikaikunja tena, nikaona mkunjo mmoja haukunipendeza, nikaifumua. Salem, rubani, akazima injini akaenda kunywa chai. Bi Kazija akafyonya, akatazama saa yake, akafyonya tena, akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Yakhe, jua linakuchwa." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamjibu bado, Bi Kazija. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia neno hilo, na akageuza uso akatazama mihogo.

Walipaa saa nne na robo. Nilisimama uwanjani shingo imekakamaa. Nikaona nukta. Nikahesabu, nikapotewa na hesabu, nikaanza upya. Nilijikuta naimba zile hatua tano kwa sauti, Bi Maisa amesimama kando yangu na ufagio wake ananiitikia. Kisha kitambaa kikafunguka, chote, hakina kamba juu yake, na mimi nikakaa chini kwenye majani.

Walitua kwa makalio, Thuraiya anacheka. Nilikimbia. Nilikuwa na hamu ya neno moja zuri kutoka kwake, na kwa miaka kumi na zaidi sijawahi kuihisi hamu hiyo kiasi kile. Bi Kazija akavua helmeti, akanyoosha mtandio wake, akasema Mgogoni ni ndogo kuliko alivyodhani na kwamba kaka yake kasahau kufunga kuku. Akanionyesha vishikio vyote, kimoja kimoja, viko mahali pake. Kisha akaomba daftari. Akavaa miwani, akaandika akiliegemeza kwenye tandiko la baiskeli, akalifunga, akaenda zake nyumbani.

Lalamiko namba 413, kwa mwandiko wake: "Nimecheleweshwa saa nzima na mtunza ghala. Anakagua mno. Ningekuwa nimesharuka mara mbili."

Nimelisoma mara nyingi, na kila mara nalia, na sioni haya kusema.

Bi Kazija, kwa niaba ya walalamikaji wa mia nne na kumi na mawili, na wale wavivu ambao hawakuandika, ahsante. Funguo za ghala ninazo, rula ninayo, na kesho asubuhi watu wataning'inia. Tunakuombea kwa Mola afya na umri mrefu, na huko Mgogoni usikose, asubuhi wala jioni, kitu cha kulalamikia.