Bwana Yai na Sahani Yenye Alama

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Alipenda haki tangu utotoni. Akiwa na miaka minane alitengeneza mizani kwa vifuniko viwili vya makopo, akawa anawapimia wadogo zake maharage ili asipunjwe mtu. Aliyepunjwa mara zote alikuwa yeye.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, akamaliza sekondari mwaka 1987 na stashahada ya maabara mwaka 1991. Aliitumikia maabara ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Alioa mwaka 1995, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2003 alijipima akakuta ana virusi vya UKIMWI. Aliagiza jambo hili lisomwe hivyo hivyo mazikoni, bila kumung'unya maneno. Mkewe, ambaye hakuambukizwa, alirudi kwao na mtoto. Kaka akawa anakuja kula kwa mama kila Jumapili. Dada yake, huyu anayewasomea, alitia tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya sahani yake kaka isije ikachanganyika na nyingine. Kaka aliliona siku ileile.

"Mdogo wangu, kirusi hiki hakipandi sahani," alisema akicheka.

Sote tulicheka, na alama tukaiacha. Jumapili ya tatu hakuja, wala hakuja tena kula.

Kliniki walimwita Bwana Yai. Aliwaeleza wenzake wanaoishi na virusi kwamba zipo asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke kwenye chakula: mayai, maziwa, samaki, maharage. "Dawa meza, na sufuria iwe motoni," alizoea kusema. Mwaka 2017 kliniki ilipima viwango vya asidi hizo katika damu ya watu sitini, naye akatoa yake. Sampuli namba 41 ilikuwa na viwango vya chini kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa yake.

Mtaalamu wa lishe, mama mmoja wa hapo kliniki, alimjia juu. "Wewe unayetufundisha sote, unakula nini?"

"Chai na mkate."

"Hujui kupika?"

"Najua sana, mama. Sasa nikikaanga hayo mayai, nimkaribishe nani?"

Maneno hayo dada yake ameyasikia kwa mtaalamu huyo juma lililopita tu, na yamemkata maini. Kaka alilazwa kwa nimonia tarehe 2 Juni 2023, akafariki tarehe 11, saa nne asubuhi. Kabatini mwake tulikuta sahani mbili. Moja bado ina kibandiko cha dukani.

Ameacha mama, binti, wadogo wawili wa kiume na dada mmoja. Baada ya maziko kutakuwa na chakula. Atakayekula kwenye sahani yenye tone jekundu ni dada yake, mbele yenu nyote, ingawa amechelewa miaka ishirini.

Kaka yetu apumzike kwa amani, asitengwe tena.