Anayeimba Peke Yake Misani

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini fundi cherehani alitaka mtu wa kumlalamikia. Rozari mkononi, utepe wa kupimia bado shingoni, alikaa na muuguzi mmoja, na kwa hasira zake hata hijabu ya mwenzake hakuiona. Mimi nyuma yao nilifungua gazeti ambalo sikulisoma.

"Dada yangu, shule ya mapadri imeniudhi! Mwanangu ana ubatizo, ana kipaimara, lakini anayeimba peke yake misani ni mtoto wa Kiislamu. Ati kila mvulana ajione yuko kwao. Wangu akajione kwao wapi, msikitini?"

"Huyo mwimbaji ni wangu," muuguzi akajibu taratibu.

Rozari ikasimama. Gazeti langu pia.

"Nami nimeudhika," akaendelea. "Likizo nzima anaoga kwa nyimbo za Kilatini. Babu yake, imamu mzima, siku hizi anaitikia!"

"Basi mtoe kwenye kwaya!"

"Wako si yule mrefu mwenye pengo?"

"Ndiye."

"Mwambie kwanza aache kumwamsha wangu bwenini aswali alfajiri. Wangu ana usingizi wa pono, na wako humvuta mguu mpaka ainuke."

"Wangu mimi? Ambaye kwenda misa namwamsha kwa maji ya baridi?"

Basi likasimama langoni pa shule. Wakashuka wakibishana, kila mmoja na barua ileile mkononi: wazazi wote waje wajadili namna ya kuwafundisha wavulana kuishi pamoja.