Papa Abdoul-Karim, Msikilizaji wa Vinanda vya Songo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba katika atelye, karakana ya studio yetu hapa Songo, fundi Abdoul-Karim Kitenge anastaafu. Alianza na redio na vipaza sauti. Vinanda vya umeme vilipojaa makanisani akahamia huko, na leo hakuna kwaya kati ya Uvira na Luvungi isiyomjua. Mwislamu huyu anazijua nyimbo za Pasaka kuliko baadhi ya mashemasi wetu, maana zote amezijaribu kwa kidole kimoja.

Chombo chake kikuu si bisibisi. Ni programu ndogo ndani ya ordinatere, yaani kompyuta, isiyo na picha wala mapambo: unaandika amri, inakujibu kwa mistari ya maandishi. Nieleze kidogo. Kinanda kikiunganishwa kwa waya hutuma ujumbe kwa lugha ya mashine iitwayo MIDI: kibonye gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachwa lini. Programu ile huonyesha kila ujumbe unapofika. Masikio ya watu hubishana. Mistari ile haina upande.

Wengi mnakumbuka kwaya ya Luvungi ilipokuja kurekodi. Kila wimbo, kinanda kilipanda juu kidogo ya sauti za waimbaji. Bertrand, kiongozi wao, akamgeukia mpigaji: "Honorine, leo weye utapumzika. Kinanda iko inalia vibaya mu mikono yako." Honorine alikwisha kuinuka, machozi yakimlengalenga, na mpigaji mwingine alikuwa anasogea kuchukua kiti chake.

"Papa Bertrand, ngoja kwanza," Abdoul-Karim akasema, akichomeka waya. "Mama Honorine, toa mikono."

Akatoa. Hakuna aliyegusa kitu, lakini mistari iliendelea kushuka kwenye skrini. Yote ilitoka mahali pamoja: gurudumu dogo la pembeni, lile la kupandisha na kushusha sauti. Fundi akauliza kinanda kilifikaje. Kwa pikipiki, kimekazwa kwa mpira wa tairi kama tunavyokaza magunia ya muhogo, nao mpira ulipita juu ya gurudumu lile lile. Springi yake ilikuwa imepinda. Akainyoosha, akaandika amri upya, skrini ikatulia.

"Mama, rudia kiti yako," Bertrand akasema, amejiinamia. "Ule mpira, ni miye niliufunga."

Studio nzima ilicheka, Honorine wa kwanza.

Tangu siku ile hatumlaumu mpigaji kabla ya kutazama mistari. Naye Honorine alirudi mara nyingi, akiuliza hiki na kile, mpaka amri zote akazijua. Kuanzia Julai, meza ya Abdoul-Karim ni yake.

Papa Abdoul-Karim, asante kwa uvumilivu wako na kwa heshima uliyoturudishia. Siku ya sherehe ya kukuaga Honorine atapiga, nawe utaketi mbele pamoja na mkeo, Mama Zaina. Usishike waya wowote. Sikiliza tu, na miaka iliyo mbele yako iwe ya afya na raha.