Aliyelala Bila Tiketi

Hebu niambie wewe unayesoma: ulishawahi kufukuzwa kazi kwa kufanya kitu kile kile ambacho wenzako, chumba hicho hicho, saa hiyo hiyo, wamekilipia tiketi? Shangazi yangu amefukuzwa. Alikuwa mfagizi wa ukumbi ulio juu ya duka la miwani, mkabala na kijiwe chetu cha kahawa. Kila Alhamisi saa nne asubuhi kuna yoga ya mapumziko humo, with live music, bango limejieleza lenyewe. Shangazi alikuwa anatandika mikeka ishirini, kila mkeka mito miwili, blanketi na kitambaa cha macho. Wateja wanajilaza chali, mpiga gita anawabembeleza, basi, ndiyo huduma. Alhamisi iliyopita mteja mmoja hakutokea. Shangazi, aliyeamka saa kumi alfajiri, akajinyoosha kwenye ule mkeka mtupu. Jumatatu akapewa barua. Mimi na digrii yangu tunakula kwa ufagio wake, kwa hiyo leo nimeileta barua kijiweni. Walikuwepo Handibreki, dereva mstaafu. Wembe, kinyozi asiyeona mteja kabla ya saa sita. Na Soli, fundi viatu, mwenye benchi, kwa hiyo mwenye haki hata akikosea.

Handibreki: Rudia hapo pa kukoroma.

Mimi: “Mfanyakazi alikutwa amelala na kukoroma katikati ya kipindi, hivyo kushusha hadhi ya huduma.”

Wembe: Hadhi ya huduma! Huduma yenyewe si kulala?

Soli: Kulala kwa mteja. Mimi nikivaa kiatu cha mteja nikaenda nacho harusini, utanitetea?

Mimi: Mzee Soli, kiatu kinachakaa. Usingizi wa shangazi ulimpunguzia nani wake?

Soli: Sheria ni sheria, mwanangu.

Mimi: Sheria nimeisoma mimi, miaka minne! Labour law yote, hakuna kifungu cha koromo. Na sikilizeni uchafu huu. Taa zilikuwa zimezimwa. Mwalimu wao aliposikia koromo akanong'ona, “Sikieni, mwenzetu mmoja ameshafika. Mfuateni.” Ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa furaha. Koromo lilikuwa tamu, jamani, lilikuwa mfano wa kuigwa! Taa zikawashwa, wakaona aproni. Papo hapo likawa kosa.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mimi sikucheka.

Handibreki: Tatizo ni gita. Nimeendesha malori miaka thelathini, najua usingizi unavyoingia. Lile gita wameliongeza uzi wa saba. Huo hausikiki, unakwenda moja kwa moja kwenye magoti.

Wembe: Magoti gani! Tatizo ni mablanketi. Wale wanakuja na uchovu wao wa ofisini, wanaumwaga kwenye blanketi, wanaondoka wepesi. Nani anayakunja? Shangazi. Mablanketi ishirini, uchovu wa watu ishirini. Angeachaje kuanguka?

Handibreki: Sasa umenifungua macho. Ndiyo maana hawazeeki! Wameshapata pa kuutupia. Kesho watatuletea mablanketi hapa kijiweni tuyakalie.

Soli: Mimi sitaki kuingia huko, lakini... viatu vyao napokea mimi. Visigino vizima, kama vya dukani. Watu wale hawakanyagi chini.

Wembe: Wanaelea! Mzee Soli kasema wanaelea!

Soli: Nimesema hawakanyagi.

Mimi: Waelee, wapae, watue mwezini, mimi nataka kazi ya shangazi! Nyie mnacheza.

Hapo akafika kijana mrefu, gita mgongoni ndani ya mfuko mweusi. Akaamkia wazee, akaomba kikombe, akakaa pembeni ya Soli.

— Mimi ndiye ninayepiga pale juu, akasema. Yule mama ni wako?

— Shangazi yangu, nikamjibu. Na wewe ulikuwepo ukanyamaza.

— Nilimwona alivyojilaza. Wiki kumi na moja nimepiga pale, kaka, na wateja wanachezea simu chini ya blanketi. Yeye ndiye wa kwanza kulala kweli. Niliurudia ule wimbo mara mbili nisimwamshe.

— Na meneja alipoandika barua?

Akaweka kikombe chini.

— Nilinyamaza, kweli. Nimekuja kuuliza tu: tangu siku ile, analala?

Wembe akajifanya anafuta benchi. Handibreki, mwenye jibu la kila usingizi, akakohoa. Soli akachukua kiatu kisichohitaji kushonwa. Wote wakanigeukia mimi, ninayelala chumba cha pili, tumetenganishwa na pazia. Naijua tarehe ya barua, namba yake, hata nukta iliyokosekana mstari wa tatu. Kama analala, hilo sikulijua. Sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo meneja wa ukumbi, nakwambia wewe, na mwenye ukumbi aliyekuajiri, na wewe mwalimu uliyelisifia koromo kisha ukaisaini barua kama shahidi: mrudisheni shangazi yangu kazini kabla ya Alhamisi. Barua ifutwe, na wa kuifuta awe yule yule aliyeiandika, mbele ya wateja wote, yeye amesimama, shangazi amekaa.